Maradhi ya Baridi Yabisi na Picha za Mifupa



Jioni hii nataka kusema nanyi kwa habari ya mikono yetu. Sisemi mkono wa kushika kalamu peke yake. Nasema mkono wa kukuna nazi, wa kukanda unga, wa kufua nguo, wa kushika jembe, na wa kumfunga mtoto mgongoni. Yako maradhi yaitwayo baridi yabisi, ambayo huila mifupa ya mikono polepole, na iko njia ya kuyaona mapema kwa picha. Mambo hayo mawili ndiyo maneno yangu ya leo.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, wala si mganga. Haya nitakayowaambieni nimejifunza kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye elimu hiyo, na aliyenisukuma nijifunze ni jirani yangu mmoja wa Tandika, katika wilaya ya Temeke. Jina lake silitaji, lakini amenipa ruhusa nisimulie habari yake, ipate kuwafaa wengine.

Mama huyu alikuwa na umri wa miaka 38 na watoto 4, na kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza kwa watu wanaongoja daladala. Maradhi yake yalianza kwa jambo dogo. Alipoamka kuwasha moto hakuweza kufumba mkono. Vidole vilikuwa vizito kama vimefungwa kwa kamba, hata jua lilipopanda ndipo vikalegea. Baadaye vifundo vya vidole vilivimba, vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto pia. Wako watu waliosema ni baridi ya kuchota maji usiku. Wako waliosema amerogwa na mwenziwe wa biashara. Wengine walimpa mafuta ya kuchua.

Mwishowe alikwenda mahali fulani pa matibabu, akapigwa picha ya mkono mmoja, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaambiwa arudi nyumbani. Jioni ile alinijia na bahasha yake mkononi.

“Hodi, Mwalimu!”

“Karibu, mama. Habari za kutwa?”

“Njema. Nimekuja unisomee cheti hiki. Wamesema mifupa yangu ni mizima, wala sina ugonjwa. Nami nikishika mwiko unaniponyoka. Je, Mwalimu, mgonjwa ni mwiko?”

Nikacheka, kisha nikaona haya, maana niliona machozi yanamlengalenga. Nikasoma cheti. Kweli, kiliandikwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala ulioharibika. Cheti hakikusema uwongo. Lakini kutoka katika neno hilo la kweli, watu walikuwa wamepata maana isiyo ya kweli, yaani kwamba mama yule hana ugonjwa. Kosa hilo hufanywa na wengi, na ndilo nitakalo kulieleza.

Kwanza, tujue maradhi yenyewe. Katika maneno yetu ya kila siku maumivu yote ya viungo twayaita kwa jina moja, lakini si maradhi mamoja. Mzee ambaye magoti yake humuuma akipanda ngazi, mara nyingi viungo vyake vimechakaa kwa umri na kazi. Mtu ambaye kidole gumba cha mguu kimewaka ghafula usiku kama moto, huenda ana jongo. Baridi yabisi ni jambo jingine. Mwili wa kila mtu una askari wake, walio katika damu, na kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika baridi yabisi askari hao hukosea shabaha, wakaushambulia utando laini uliovikwa ndani ya kiungo. Utando huo hufura, hujaa maji, hunenepa, kisha hutambaa juu ya gegedu na mfupa, ukaanza kuvila. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayaletwi na maji ya baridi, wala jirani hawezi kumtupia mtu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 18 ulimwenguni walikuwa nayo, na katika kila watu 10, wapata 7 walikuwa wanawake.

Sasa natuje kwenye picha. Mwezi wa Novemba mwaka 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu mmoja wa elimu ya fizikia, jina lake Wilhelm Conrad Röntgen, aligundua miali isiyoonekana kwa macho, ambayo hupita katika vitu vingi ambavyo mwanga hauwezi kuvipita. Kwa kuwa hakujua ni miali gani, aliipa jina la herufi X, kama tuandikavyo katika hesabu kitu kisichojulikana. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alimwambia mkewe aweke mkono wake juu ya bamba la picha. Mifupa ya vidole ikaonekana, na pete yake ikaonekana juu ya mfupa. Basi, wasikilizaji, angalieni: picha hiyo mashuhuri ya mifupa ya mtu aliye hai, moja ya zile za kwanza kabisa, ilikuwa ni mkono wa mwanamke. Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia mwaka 1901.

Picha hiyo twaiita eksirei. Mfupa huonekana mweupe kwa sababu una madini ya chokaa, nayo huzuia miali. Nyama huonekana kama kivuli hafifu, kwa kuwa miali huipita kwa urahisi. Kwa hiyo, madini yakipungua katika mfupa, weupe wake hufifia.

Madaktari waijuao baridi yabisi husoma picha ya mkono kwa utaratibu. Kwanza hutazama kama nyama iliyozunguka kiungo imevimba. Kisha hutazama ncha za mifupa karibu na kiungo, kama weupe wake umefifia kuliko katikati ya mfupa. Hiyo ndiyo dalili ya mwanzo ya kupungua kwa mfupa. Kisha hutafuta pengo dogo ukingoni mwa mfupa, mahali ambapo hapakufunikwa na gegedu, kama kwamba panya ametafuna pembe ya mkate. Baadaye nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa huwa nyembamba, kwa kuwa gegedu imeliwa. Mwisho wake vidole hupinda na kuelekea upande. Hapo hata mtu asiyejua kusoma picha huuona ugonjwa, lakini umekwisha fanya kazi yake.

Jambo la kushangaza ni hili: miguu nayo husema, tena huenda ikasema kabla ya mikono. Kiungo kilicho chini ya kidole kidogo cha mguu mara nyingi ni katika vile vya kwanza kuliwa, hata kama mgonjwa halalamiki mguu. Ndiyo maana mtu anayedhaniwa kuwa na baridi yabisi hupigwa picha za mikono yote miwili na miguu yote miwili. Picha ya mkono mmoja haitoshi.

Lakini eksirei ina udhaifu wake, na hapa ndipo jirani yangu alipokwama. Ninyi mnaokaa katika nyumba za miti na udongo mwajua tabia ya mchwa. Mchwa huingia katika nguzo kwa ndani. Nje udongo umekandikwa vizuri, chokaa imepakwa, na mgeni akipita husema, “Nyumba nzuri!” Siku moja nguzo yainama, na mwenye nyumba hushangaa, ingawa kazi ile imefanywa miezi mingi. Mfupa nao ni vivyo hivyo. Mfupa hupoteza karibu theluthi moja ya madini yake kabla jicho la mtu kuona kwa yakini upungufu huo katika picha ya kawaida. Basi picha ya kwanza ikiwa safi, maana yake ni kwamba mfupa haujaliwa kiasi cha kuonekana. Haisemi kwamba hakuna mchwa ndani.

Je, tufanyeje? Njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kupiga picha tena baada ya muda atakaoamuru daktari, na kuilinganisha na ile ya kwanza. Mwalimu hawezi kujua kama mtoto amerefuka kwa kumtazama mara moja; lakini akiweka alama mlangoni mwaka huu, na alama nyingine mwaka ujao, atajua. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Marekani, John Sharp, alitangaza njia ya kutia hesabu katika picha hizo, kiungo kwa kiungo, ili picha ya leo iweze kulinganishwa na ya mwaka jana kwa tarakimu na si kwa kukisia. Kabla yake, mwaka 1960, mabwana wawili, Barnett na Nordin, walikuwa wameonyesha kwamba unene wa ukuta wa mfupa wa kiganja waweza kupimwa katika picha kwa rula, ili kujua kama mfupa unakonda. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa usahihi mkubwa sana, na uchunguzi uliofanywa Ulaya umeonyesha kwamba mgonjwa ambaye mifupa ya viganja vyake hukonda upesi katika mwaka wa kwanza, huyo ndiye wa kuangaliwa sana, maana mapengo hufuata.

Njia ya pili ni altrasaundi, ile ile watumiayo kina mama wajawazito. Haitumii miali, hutumia sauti nyembamba mno, ambayo sikio la mtu haliisikii. Daktari akiipitisha juu ya vifundo vya vidole, huona utando uliofura, huona damu inavyokimbilia humo, na huweza kuona mapengo madogo ya mfupa ambayo eksirei haijayaona. Lakini yataka mkono uliofundishwa.

Njia ya tatu ni mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu nyingi. Hiyo huona hata ndani ya uboho wa mfupa, na huonyesha maji yaliyokusanyika humo kabla pengo halijafanyika. Gharama yake ni kubwa, wala si kila mgonjwa aihitajiye.

Huenda msikilizaji wa Kinondoni au wa Temeke akauliza, “Vitu hivyo viko wapi?” Namjibu: eksirei na altrasaundi ziko katika hospitali za rufaa za mkoa, yaani Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, Temeke kwa watu wa Temeke, na Amana kwa watu wa Ilala. MRI iko Muhimbili, hospitali ambayo ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Madaktari waliosomea maradhi haya hasa ni wachache sana katika nchi yetu. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa uende na urudi. Ni heri kupoteza siku mbili katika foleni kuliko kupoteza mkono.

Sasa nataka kusema juu ya hatari moja ambayo naiona kila siku katika mitaa yetu. Mwezi wa Septemba mwaka 1948, huko Marekani, katika Kliniki ya Mayo, Daktari Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa mpya iitwayo kotisoni. Mgonjwa yule, aliyekuwa hawezi kutembea vyema, katika siku chache aliweza kwenda mjini. Watu wote walistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wenziwe wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini muda si mrefu ilijulikana kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa wingi na kwa siku nyingi, yenyewe huikondesha mifupa, na huleta madhara mengine.

Jamaa ya dawa hiyo ni vidonge vya prednisoloni. Daktari huvitoa kwa kipimo na kwa muda, navyo vina faida. Lakini wako watu wanaovinunua dukani bila cheti, wakamwambia muuzaji, “Nipe vile vidogo vinavyoondoa maumivu.” Mama akimeza, kesho aamka mwepesi, avisifu kwa jirani, aendelea mwaka mzima. Vidole havimuumi. Kumbe ndani mfupa waliwa kwa pande mbili, kwa maradhi na kwa dawa. Basi, wasikilizaji, msipime mfupa kwa maumivu. Maumivu yaweza kunyamaza na mfupa ukaendelea kuliwa. Kipimo cha mfupa ni picha, nayo isomwe na mwenye elimu.

Wako pia watu wanaoiogopa eksirei, wakisema kwamba miali yake huunguza. Ni kweli kwamba miali mingi ina madhara, wala haifai kuichezea. Kwa ajili hiyo serikali imeweka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ili mashine hizo zikaguliwe. Lakini picha moja ya mkono hutumia miali kidogo sana, kiasi kile ambacho sisi sote hupata kutoka ardhini na angani kwa saa chache tu. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kwamba ana mimba, na amwambie mpiga picha kabla ya kuanza.

Huenda mtu akauliza tena, “Kuna faida gani kuona mapema, ikiwa maradhi yenyewe hayaponi?” Swali hili ni la haki. Mfupa ulioliwa haurudi kama ulivyokuwa. Lakini ziko dawa zinazowatuliza wale askari waliokosea, na hivyo kuzuia mifupa isizidi kuliwa. Ile itumiwayo zaidi huitwa methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa juma; anayeimeza kila siku aweza kufa, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Waganga wa Ulaya wameshauri kwamba dawa za namna hii zianze ndani ya miezi 3 tangu dalili kuonekana. Mwaona, basi, kwamba anayengoja vidole vipinde ndipo aende hospitali amechelewa sana.

Narudi kwa jirani yangu. Nilimshauri asiitupe ile bahasha. Tulikwenda pamoja katika hospitali kubwa, yeye, mumewe, na mimi. Daktari alimkamua kila kifundo kwa vidole vyake, akaamuru damu ipimwe, akaagiza picha za mikono miwili na miguu miwili. Kisha aliiweka picha mpya kando ya ile ya zamani, ambayo ilikuwa na umri wa miezi 7. Hata mimi, nisiye mganga, nilipoonyeshwa niliona. Ncha za mifupa ya vidole zilikuwa zimefifia, nazo katika ile ya kwanza zilikuwa nyeupe. Na katika mguu wa kushoto, chini ya kidole kidogo, palikuwa na pengo dogo, si kubwa kuliko punje ya mchele. Daktari alimwambia, “Mama, bahasha hii ya zamani imenisaidia kuliko maneno mengi. Bila hiyo nisingejua kwamba mfupa wako unakwenda upesi hivi.”

Mama yule alianza dawa. Sitaki kuwadanganyeni kwa kusema kwamba amepona. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havinyooki sawasawa, na siku nyingine binti yake ndiye akunaye nazi. Lakini picha ya mwaka uliofuata haikuonyesha pengo jipya. Bado anauza vitumbua, na mwiko haumponyoki.

Kabla sijamaliza, nawapeni mambo machache ya kukumbuka, nanyi wanafunzi mwaweza kuyaandika.

La kwanza: ikiwa vidole vyako huwa vigumu asubuhi kwa muda wa nusu saa au zaidi, na vifundo vimevimba, hasa katika mikono yote miwili, na hali hiyo imeendelea kwa majuma 6, nenda hospitali.

La pili: omba kwa adabu kuuliza kama mikono na miguu yote yapaswa kupigwa picha.

La tatu: tunza picha zako na vyeti vyake mahali pakavu, kama utunzavyo hati ya shamba. Ikiwa hospitali huweka picha katika kompyuta, omba nakala, na uandike tarehe. Picha ya zamani ndiyo alama yako ya mlangoni.

La nne: ukiambiwa, “Mifupa yako ni mizima,” shukuru, kisha uliza, “Je, nirudi lini tuitazame tena?”

La tano: usinunue vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi bila shauri la daktari.

Nanyi mlio na mama, shangazi au dada nyumbani, tazameni mikono yao asubuhi. Mara nyingi mwanamke hukaa kimya na maumivu yake kwa sababu kazi zimemngoja. Ukimwona amgeukia mtoto amfungulie mfuniko wa chupa, ambao mwaka jana aliufungua mwenyewe, usimcheke. Mwulize hali yake, umsindikize hospitali, na bahasha yake umbebee wewe.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambieni.